Kuprinti filta za maikrowevu kwa kauri: shida haipo kwenye printa

Kule Limoges, Ufaransa, mji unaosifika kwa vyombo vya kauri tangu karne ya 18, watafiti wa maabara ya XLIM wamekua wakiprinti kauri kwa 3D kupata resoneta (kipande ambacho wimbi hutetema ndani yake kwa masafa maalum) na filta za mawimbi ya maikrowevu, vile vifaa vinavyochagua masafa (frikwensi) gani yapite na yapi yabaki nje, mfano kwenye setilaiti. Mimi naiunga mkono kazi hii, ila si kwa kila matumizi.

Faida zipo na ni za kweli. Alumina, kauri inayotumika sana hapa, inapoteza nguvu kidogo mno ya wimbi, na permitiviti yake (kipimo cha jinsi inavyopunguza kasi ya wimbi) ni karibu 10, yani wimbi ndani yake linafupika kama mara 3 hivi, kwa hiyo resoneta inakua ndogo na kwenye setilaiti kila gramu ni hela. Afu unaweza kuprinti resoneta pamoja na kishikizo chake kikatoka kitu kimoja bila gundi, mana gundi inakula nguvu ya wimbi na joto nalo linapita kwa shida. Maumbo yenye uwazi ndani huwezi kuyachonga, kauri ikishaiva bila almasi hugusi kitu.

Sasa njoo kwenye tanuru. Unga wa kauri unachanganywa na resini, mwanga wa UV unagandisha tabaka moja moja, baadae resini inachomwa polepole mana ukiharakisha kipande kinapasuka, ndo alumina inapandishwa hadi karibu nyuzi 1600. Hapo inasinyaa asilimia 15 hadi 20 na mara nyingi haisinyai sawa pande zote. Ukikosea vipimo asilimia 1 tu, resoneta ya gigahezi 10 imehama megahezi 100, na kuna filta ambazo upana wote wa masafa zinayopitisha haufiki hapo! Utarudi kuweka skrubu za kurekebisha, na ile raha ya kipande kimoja inapungua.

Kwangu zito zaidi ni joto. Masafa ya alumina yanahama zaidi ya nusu megahezi kwa kila nyuzi ukiwa kwenye gigahezi 10, na setilaiti inapita juani na kivulini. Kauri ambazo masafa yake yanatulia hata joto likibadilika zipo, ila nyingi zina titani ndani na hizo zinameza mwanga wa UV, tabaka linaganda juu juu tu.

Kwa minara ya 5G inayotaka filta kwa mamilioni, kushindilia unga kwenye moldi bado ni rahisi na haraka. Kwa setilaiti chache printa inafaa kabisa, ila ningekua na bajeti ningeanza na unga na tanuru, printa ifuate.