Aliyerudi hakuwa amefika

Fungua YouTube usiku wowote, hukosi ushuhuda: mtu alikufa, akatembezwa kuzimu, akaona wazinzi na wala rushwa wanavyoungua, akarudishwa aje kutuonya. Chini yake "Amina" zimepangana. Tuelewane mapema: mimi naamini maisha baada ya kifo yapo. Ila simulizi za waliochungulia kaburi sizipokei kama ushahidi wa akhera.

Sisemi wote waongo (waongo wapo, na sadaka wanakusanya). Mwaka 2001 daktari wa moyo wa Uholanzi, Pim van Lommel, na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet habari za wagonjwa 344 ambao mioyo yao ilisimama wakazinduliwa. Kati yao 62 walikuwa na la kusimulia. Hao si wa kupuuzwa. Kuna kitu kiliwapata. Ninachouliza ni kama kiliwapata huko ng'ambo au hapa hapa, ndani ya kichwa kinachohangaika.

Jaribio ninaloliheshimu ni la daktari Sam Parnia. Hoja yake nyepesi: kama roho hutoka ikaelea darini, basi ione kitu ambacho aliyelala kitandani hawezi kukiona. Wakafunga rafu karibu na dari katika vyumba vya wagonjwa, juu yake wakaweka picha za kuonwa na anayetazama kutoka juu tu. Matokeo yalitoka 2014: visa 2,060 vya moyo kusimama, hospitali 15 za Uingereza, Marekani na Austria. Wengi walifariki. Waliohojiwa hadi hatua ya mwisho ni 101, na ni mwanamume mmoja tu, wa miaka 57, aliyesimulia mambo yaliyothibitika: sauti ya mashine ikiamuru apigwe shoti, na mtu mnene mwenye kipara aliyekuwa akimhudumia. Inasisimua, sikatai. Lakini chumba alichozidiwa hakikuwa na rafu! Na sauti ya mashine husikika kwa masikio haya haya ya nyama, maana kifua kikikandwa, damu kidogo hufika kwenye ubongo.

Mwaka 2023 Jimo Borjigin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza wagonjwa wanne walioondolewa mashine ya kupumulia. Kwa wawili, mawimbi ya ubongo yalipanda ghafla wakati wanakata roho. Waliona nini? Walikufa, hatutawauliza. Wote tunaoweza kuwauliza ni wale ambao hawakufika.

Halafu kuna India. Watafiti Satwant Pasricha na Ian Stevenson walikusanya simulizi za huko, wakazichapisha 1986. Mgonjwa huchukuliwa na wajumbe wa Yamaraj, mungu wa mauti, hufikishwa mbele ya karani mwenye daftari, na karani hugundua aliyeletwa siye aliyeitwa. Anarudishwa. Makosa ya masijala, hata huko!

Wa kwetu humkuta Yesu, naye hamrudishi mtu kwa sababu majina yamegongana. Mchungaji anayenionyesha ushuhuda wa Nairobi kama uthibitisho, huyu wa India aliyezimia vilevile na kurudi vilevile, anamkataa kwa kipimo gani?