Trilioni za Chukwani na daftari la Machomanne

Kila Juni, bajeti ya Zanzibar ikisomwa Baraza la Wawakilishi kule Chukwani, watu huuliza kwanza ni shilingi trilioni ngapi. Mwaka wa fedha 2023/24 ilikuwa kiasi cha trilioni 2.8, uliofuata ikaruka hadi trilioni 5.18. Wengine walishangilia, wengine wakaguna. Mimi bajeti huisoma Machomanne, Chake Chake, kisiwani Pemba, kwenye daftari la madeni la jamaa yangu mwenye duka la unga, mchele na sukari.

Daftari lile limejaa walimu na wauguzi. Mishahara ikitoka, jioni yake majina yanapigwa mstari. Mwaka 2022, kima cha chini serikalini kilipopandishwa kutoka shilingi 300,000 hadi 347,000, waliokuwa wakichukua mchele kilo mbili mbili walianza kuulizia mfuko wa kilo 25. Kwa hiyo anayesema bajeti haimfikii mfanyabiashara mdogo, hajakaa dukani mwisho wa mwezi. Pemba, mshahara wa serikali ndio mteja mkubwa kuliko wote, ukiacha msimu wa karafuu.

Tatizo liko upande wa maendeleo, ambako ndiko trilioni nyingi zinakotajwa. Barabara, viwanja vya ndege, masoko, skuli za ghorofa: vyote tunavihitaji, na mwenye kubeba mzigo kutoka bandari ya Mkoani hana haja ya kuhubiriwa faida ya barabara nzuri. Lakini mkandarasi mkubwa hutoka nje, na mashine, nondo na saruji nyingi huja kwa meli. Kinachobaki kisiwani ni ujira wa kibarua, kokoto, na chapati za mama anayepika kando ya mradi. Watetezi wa miradi hii husema faida yake ni ya miaka ishirini, si ya miezi sita. Ni kweli. Ila duka halivuki miaka ishirini bila kuvuka miezi sita kwanza.

Na hapo ndipo naona kasoro kubwa kuliko ukubwa wa bajeti: malipo kuchelewa. Fundi seremala mmoja ninayemjua alipata kazi ya madawati. Mbao alikopa, vijana wanne aliwalipa kila Jumamosi kwa pesa yake, madawati akayafikisha. Hundi ilikuja baada ya miezi saba. Kwenye karatasi, fedha zile zilitengwa, zikaidhinishwa, zikatumika. Mtaani, ni seremala aliyeikopesha serikali bila riba, naye akakopa dukani unga wa watoto. Karafuu ina shida zake, mwaka inazaa, mwaka haizai, na kisheria mnunuzi ni mmoja tu, ZSTC, shirika la biashara la serikali. Lakini mkulima akipima kituoni analipwa, na Wete nzima inajua.

Kuhusu kodi, jamaa yangu hulalamika zaidi kuliko anavyostahiki. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwetu ni asilimia 15, Bara ni 18. Risiti za kielektroniki anazichukia, lakini asiyetoa risiti ndiye anayemuharibia bei yule anayetoa. Serikali isipokusanya itakopa, na mkopo nao hulipwa kwa kodi, yake au ya wanawe. Watalii wanachangia sehemu yao: tangu Oktoba 2024 kila mgeni mtu mzima wa nje hulipia bima ya dola 44 kabla ya kuingia. Lakini mgeni huyo hushukia Unguja, akalala Nungwi au Paje. Pemba anayefika ni wa kuhesabika.

Ninachokubaliana naye ni hiki: kodi ikichelewa kuna faini, malipo ya serikali yakichelewa kuna "njoo wiki ijayo". Bajeti inaweza kuongezeka maradufu na seremala asione chochote zaidi ya deni lake kukua nayo.

Ningependa waziri, akishataja trilioni za mwaka, ataje na namba ya pili: wafanyabiashara wa hapa wanaidai serikali kiasi gani, na tangu lini. Jamaa yangu husoma deni lake kila Ijumaa baada ya sala, kwa sauti, na mdaiwa mwenyewe akiwa amekaa pale pale barazani.