Kutoka deraya ya tembo hadi fuvu la Mkwawa

Likizo ya Februari tulipanda treni, mimi, mama watoto na wanetu wawili, tukaenda mji wa Leeds, huku Uingereza, kuona silaha za kale kwenye makumbusho ya Royal Armouries. Kuingia ni bure, tukashinda humo kutwa. Mdogo hakubanduka kwenye deraya ya tembo iliyotoka India: vipande vya chuma zaidi ya 5,000 vilivyounganishwa kwa pete ndogondogo, vimelaliana kama magamba ya samaki, uzito wake kilo 118. Alivihesabu mpaka vikamshinda. Tukaenda kwenye deraya aliyotengenezewa mfalme Henry VIII mwaka 1520, imemziba mwili mzima, hata makalio, mkuki usipate pa kupenya.

Hapo mkubwa akaniuliza: "Baba, na sisi tulipigana kwa silaha gani?"

Njia nzima ya kurudi nilimsimulia vita vya Lugalo, kule kwetu Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walijificha vichakani, wengi wao wana mikuki na ngao tu, wakaushambulia msafara wa Wajerumani wenye bunduki na mizinga. Kamanda wao Zelewski, aliyeitwa Nyundo, aliuawa palepale.

Nilisimulia vizuri, lakini moyoni niliona aibu. Nimezaliwa Iringa mjini. Kalenga, yalikokuwa makao ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, iko kama kilomita 15 tu, na makumbusho yake sikuwahi kuyakanyaga hata siku moja. Huku mzazi humpeleka mtoto makumbusho kama sisi tunavyompeleka kwa bibi. Mvua ikinyesha, hao, wameondoka. Jambo hili nimelipenda kwa dhati, na nimeliiga.

Basi Desemba tulipokwenda nyumbani, Kalenga ilikuwa safari yetu ya kwanza. Kijengo ni kidogo, ukizunguka haraka umekimaliza. Mzee aliyetupokea alitusalimu kwa Kihehe, "Kamwene", na kuwashika watoto mkono mmoja mmoja, kisha akaanza kusimulia taratibu: ngome ya Kalenga ilivyoangushwa mwaka 1894, Mkwawa alivyosakwa porini miaka minne, alivyojipiga risasi mwaka 1898 asikamatwe hai, kichwa chake kilivyokatwa, na fuvu lilivyorudishwa mwaka 1954. Mdogo alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo cha sanduku la fuvu. Safari hii hakuhesabu kitu. Aliuliza kama mama yake Mkwawa alilia.

Wenzangu wa huku huniambia makumbusho yetu ni madogo, hayafai nauli. Sikubaliani nao hata kidogo. Leeds wanangu walijifunza ufundi wa chuma, na ule ni ufundi wa kustaajabisha kweli. Kalenga walijua nani alishika mkuki, na alikuwa anamlinda nani. Mtoto anahitaji vyote viwili, na hicho cha pili hatakipata huku hata ukimzungusha mji gani.

Mnaokata tiketi za Desemba, wekeni siku moja ya Kalenga kabla ya kuteremka pwani. Na mkifika, msiwe na haraka, mwacheni mzee amalize.