Usianze na jina la ukoo, anza na aliyekuwa na haja na babu yako

Kila Desemba tukipanda Wundanyi, kwetu milima ya Taita, kwa sikukuu kuna saa fulani usiku, watoto wakishalala na chai ya mwisho ikiwa bado jikoni, shangazi mkubwa anaanza kutaja watu. Anamtaja babu, kaka zake babu, wake zao, nani alihamia Taveta, nani alishuka Mombasa akapotelea huko, na kila mwaka akifika kwa ndugu mmoja wa babu anasema maneno yaleyale, "huyu alichukuliwa na bahari," halafu anaenda kwa anayefuata. Tangu utotoni nilijua tu kwamba alizama pale Mombasa akivua samaki. Hakuna aliyeuliza. Mwaka juzi ndio nikamuuliza, shangazi, bahari gani hiyo? Akasema alikuwa jeshi la Mwingereza, wakapandishwa meli Kilindini, kisha barua ikaja.

Nikaanza kutafuta usiku uleule kwa simu, na bando la mtu. Na kwa muda mrefu sikupata kitu, kwa sababu nilikuwa nafuata ushauri ulioandikwa kwa watu wengine kabisa. Ukiuliza mtandao jinsi ya kutafuta historia ya familia bure unaambiwa andika jina la ukoo, weka mwaka wa kuzaliwa, weka mji, bonyeza. Sasa babu yangu hakuwa na jina la ukoo la namna hiyo, alikuwa na jina lake na jina la baba yake, na huyo baba yake kuzaliwa kwake kunahesabiwa kwa njaa ya Mwakisenge, ile ya miaka ya 1880, sio kwa tarehe. Cheti hakuna. Ukiandika hivyo kwenye kisanduku inakujia familia ya mtu Ohio.

Kitu nilichojifunza, na ndicho kimenifanya niandike, ni kwamba watu wetu waliandikwa, ila hawakuandikwa kwa ajili yetu. Waliandikwa na mtu aliyekuwa na haja nao. Padri alihesabu roho, serikali ya mkoloni ilihesabu vibanda vya kodi, jeshi lilihesabu migongo ya kubeba mizigo, mahakama ilihesabu warithi. Kwa hiyo swali la kwanza sio babu aliitwa nani, swali ni nani alikuwa na haja naye, halafu unaenda kuangalia daftari la huyo mtu liko wapi leo na kama limewekwa mtandaoni. Mengi yamewekwa, na bure, yanangoja tu.

Kwa ndugu wa babu jibu lilikuwa jeshi. Kuna tume inaitwa Commonwealth War Graves Commission, inatunza makaburi na majina ya wanajeshi wa himaya waliokufa vita vyote viwili vya dunia, na saiti yao haitaki hata akaunti, unatafuta tu. Niliandika jina lake kwa tahajia zote nilizoweza kufikiria, hakuna. Nikarudi kwa shangazi, nikamwambia nipe chochote, akasema kitu kimoja tu, kwamba alikuwa wa mizinga. Basi nikasoma kuhusu meli zilizozama na nikafika kwa Khedive Ismail. Iliondoka Kilindini Februari 1944 ikielekea Colombo, imebeba kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki na watu wengine wakiwemo manesi, na tarehe 12 Februari karibu na visiwa vya Maldives nyambizi ya Wajapani ikaipiga. Ilizama kwa dakika chache sana, watu 1,297 wakafa kati ya 1,511. Mimi nimesoma shule hapa Kenya tangu darasa la kwanza na sijawahi kusikia jina la hiyo meli hata mara moja, na hilo linaniuma mpaka leo.

Nikarudi kwenye saiti, safari hii kisanduku cha jina nikakiacha wazi, nikaweka tarehe na kikosi peke yake, na orodha ikaja. Nikasoma jina moja moja. Wakamba, Waluo, Wakikuyu, majina ya Tanganyika, majina ya Uganda, na kila moja nilikuwa najua kuna boma mahali ambapo watu wanasema huyu alichukuliwa na bahari. Yeye nilimpata karibu saa nane usiku. Karani alimwandika bila ile gh yetu ya Kitaita, ile inayofanya Mghanga aandikwe Maganga au Mganga, lakini jina la baba yake lilikuwa hapo. Namba ya jeshi, cheo, tarehe, na namba ya safu kwenye mnara wa East Africa Memorial ulioko Nairobi, ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road. Yaani jina lake liko barabarani Nairobi, nimepita pale kwa matatu sijui mara ngapi.

Lakini usidhani kila mtu atapata. Hao wa vita vya pili waliandikwa kwa majina. Vita vya kwanza ni habari nyingine na sisi Wataita tunaijua vizuri kwa sababu ilipiganwa kwetu, Salaita, Maktau, Voi, na watu wa Kasigau wakahamishwa kwa nguvu mpaka Malindi mwaka 1915. Wapagazi wa Carrier Corps, wale walioacha jina Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam, wengi hawakupewa kaburi wala mstari. Tume yenyewe ilitoa ripoti Aprili 2021 ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Kama babu wa babu yako alichukuliwa kubeba mizigo na ukatafuta ukakosa, kosa si la familia yako kusahau. Waliomchukua ndio hawakuona haja ya kumwandika.

Daftari la pili ambalo watu hawalifikirii kabisa ni la mahakama. Gazeti rasmi la serikali ya Kenya lilianza 1899 na matoleo mengi yako bure kwenye Gazettes.Africa, mengine Google Books. Ndani yake kuna matangazo ya mirathi, kurasa kwa kurasa, kila tangazo lina jina la marehemu, alikoishi, siku aliyokufa na nani anaomba kusimamia mali, mara nyingi na uhusiano wao, mke au mtoto au ndugu. Ukitoka hapo unaingia Kenya Law, saiti ya hukumu, bure pia, na kama kesi ya mirathi ilifika Mahakama Kuu jaji anapanga familia yote, nyumba ya kwanza watoto hawa, nyumba ya pili watoto hawa, nani alitangulia kufa. Ndugu zetu wa Tanzania wana TanzLII, mtindo ni uleule. Mimi nilipata hukumu ya shamba moja Taveta, nikasoma majina nikaona hawa ni wetu, ni nyumba ambayo shangazi haitaji usiku wa Desemba. Nilikaa na hiyo karatasi wiki nzima bila kumwambia mtu. Baadaye nilimwandikia mjukuu mmoja wao Facebook, tukaongea, na sasa tunaongea karibu kila Jumapili. Ila nakuomba uende taratibu, kesi hizo zina maneno makali watu waliambiana wakiwa na uchungu, na sio kila kitu kilicho wazi mtandaoni ni cha kutupwa kwa grupu la WhatsApp la familia.

FamilySearch lazima niitaje kwa sababu ndiyo saiti ya nasaba kubwa kuliko zote za bure. Ni ya kanisa la Mamormoni, makao yao Salt Lake City, na kazi ya kukusanya nasaba waliianza 1894. Nao wana haja yao, imani yao inawaambia wabatize kwa niaba ya waliokufa, na wewe ni vizuri ulijue hilo kabla hujaingiza majina ya wazee wako, halafu uamue mwenyewe. Kwangu mimi naona kazi yao ni kubwa na naishukuru, mwaka 2021 walimaliza kugeuza roli milioni 2.4 za filamu ndogo (microfilm) kuwa picha za kompyuta, na nchi kadhaa za Afrika wametuma watu vijijini kuwarekodi wazee wakitaja nasaba kwa mdomo. Usitafute kwa jina tu, tafuta kwa mahali, maana kuna picha ambazo hakuna aliyeziorodhesha majina yake, unazifungua ukurasa baada ya ukurasa. Na mti wao ni mmoja wa dunia nzima, mtu usiyemjua anaweza kubadilisha uliyoyaandika, kwa hiyo weka kopi yako kwa daftari la kawaida.

Vitabu na majarida ya wamishonari wa zamani yako Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, unasoma bure, ila tafuta kwa tahajia yao. Sisi waliandika Teita, sio Taita, na nilipobadilisha hiyo herufi moja nikafunguliwa mlango, barua za kutoka Sagalla ambako CMS, wamishonari wa Kianglikana, walifika 1883, watu wametajwa, vijiji vimetajwa. Zinaudhi kusoma, namna wanavyotuzungumzia, na yale mapango tuliyoweka mafuvu ya wazee wanayaeleza kana kwamba ni uchafu, wakati hayo mapango ndiyo yalikuwa daftari letu, kila ukoo ukijua la kwake na nani yuko ndani. Nasoma hivyohivyo, nachukua majina. Watu wa Lamu nao wana bahati yao, maandishi ya msikiti wa Riyadha yamepigwa picha na mradi wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini na yanasomeka bure.

Kinachonikera ni vitabu vya ubatizo na ndoa vilivyobaki kwenye makabati ya makanisa yetu. Nimekwenda mahali pamoja, sipataji, nikaonyeshwa kitabu mchwa wamekula mpaka katikati, na karani pale ni mtu mwema kabisa, hana hata pesa ya sanduku la bati. Simu ya kawaida inatosha kupiga picha kitabu kizima kwa siku moja. Tunalalamika kwamba historia yetu iko Uingereza, na ni kweli, lakini hii iko hapa mlimani na inaliwa.

Na hili linanigusa mimi mwenyewe, kwa sababu bado kuna mtu mmoja simpati. Yule ndugu wa babu alikuwa na mke. Jeshi halikumwandika, gazeti halikumwandika, hakukuwa na mali ya kugawana, hata shangazi anamwita tu mke wa yule wa bahari, na anachokumbuka ni kwamba baada ya barua alirudi kwao upande wa Bura. Bura kuna misheni ya Wakatoliki tangu 1892. Kama alibatizwa au aliolewa tena kanisani, kuna mstari wake mahali kwa wino wa padri. Nimeomba ruhusa ya kwenda Desemba hii na simu mbili na chaja, na nimeomba wanikubalie nipige picha kitabu chote, sio ukurasa wangu peke yake.