Mweka Hazina Mbele ya Kisigino cha Daudi

Mwenzenu ni mweka hazina wa kamati ya harusi ya mwanafunzi mwenzetu hapa Moscow, kazi niliyotwishwa kwa sababu nilichelewa kikao cha kwanza, na anayechelewa kikao huchaguliwa kwa kauli moja. Nina daftari lenye majina 32 ya walioahidi, na bahasha yenye michango ya watu wanne, mmoja wao mimi.

Jumamosi, nikikimbia baridi na simu za bwana harusi, niliingia Makumbusho ya Pushkin nikajibanza chini ya nakala ya plasta ya sanamu ya Daudi, pande la mtu wa zaidi ya mita tano ambaye kisigino chake ni kama boflo. Hapo ndipo niliposoma habari za profesa Ivan Tsvetaev, aliyezunguka miaka na miaka akiomba michango ya kulijenga jumba hili, nikahisi nimepata ndugu. Serikali ilimpa rubli 200,000, fedha ambazo kwa jengo kama hili ni sawa na mtu kuchangia soda.

Tofauti yetu ni kwamba yeye alimpata Yuri Nechaev-Maltsov. Bwana huyo wa ukoo wa kikabaila alirithi viwanda vya vioo vya Gus-Khrustalny kutoka kwa mjomba wake mwaka 1880, na ndiyo maana ana majina mawili, kwani la Maltsov lilikuja pamoja na mali. Mimi nina wajomba watatu, na kwa jinsi ninavyowafahamu, nitakachorithi kwao ni nasaha. Tangu jiwe la msingi lilipowekwa mwaka 1898 hadi milango ilipofunguliwa mwaka 1912, mtengeneza vioo huyo alitoa zaidi ya rubli milioni 2, gharama za marumaru nyeupe iliyotolewa milima ya Ural zikiwemo. Watu wangu hawajatoa hata ya mapambo ya meza, na kila nikiwapigia wananiambia mwisho wa mwezi, bila kutaja mwezi gani.

Sasa sikilizeni kilichonikera. Jumba lilifunguliwa kwa jina la Mfalme Alexander III, kisha mwaka 1937 likapewa jina la Pushkin, mshairi aliyefariki mwaka 1837, ambaye hata angetaka kuchangia kopeki moja asingeweza. Pushkin namheshimu, tena babu wa mama yake, Gannibal, alikuwa Mwafrika, kwa hiyo ni wa kwetu. Lakini risiti ni risiti.

Nikiwa bado nanung'unika, simu ikaita ujumbe: mwenyekiti ametuma ratiba ya sherehe. Mfadhili mkuu aliyeandikwa ni yule wa namba 17 daftarini, ambaye mpaka leo hajatoa kitu, nami nimo mwishoni kabisa, ndani ya "na wengineo". Nikainua macho kwa Daudi nipate wa kunihurumia, naye alikuwa ameangalia pembeni.