Kabla ya jina la jiwe, tazama punje zake

Shuleni tulikariri: mwamba moto, mwamba tabaka, mwamba geu. Nilipata alama zote. Kila Jumapili nilipanda Gangilonga, lile "jiwe linalosema" la Wahehe juu ya mji wa Iringa, nisijue hata liko kundi gani. Hakuna aliyetupa jiwe mkononi. Linaniuma mpaka leo, kwani sasa mimi ndiye ninayefundisha jiografia.

Chukua kipande cha matale (graniti, mwamba moto) kutoka vilima vya Iringa, kilichovunjwa karibuni, ukigeuzegeuze juani. Utaona punje za madini matatu. Felspa ni nyeupe au ina wekundu kidogo. Kwazi ni ya kijivu, inang'aa kama kigae cha chupa. Ulanga ni vile vyeusi vinavyometameta. Vikwangue kwa ukucha, vinabanduka kama magamba ya samaki. Punje zimeshikana bila kuacha nafasi, wala hazielekei upande mmoja. Uji wa mwamba ulipoa polepole, kilometa kadhaa chini ya ardhi, kila fuwele ikapata muda wa kukua.

Tukuyu ni habari nyingine. Jiwe la Daraja la Mungu, pale mto Kiwira, ni lava. Punje zake nyingi huzioni hata ukikodoa macho, kwa sababu ilipoa upesi juu ya ardhi. Na yale mawe mepesi ya Mlima Rungwe yamejaa matundu ya gesi. Kipande kikavu kitupe kwenye ndoo ya maji, kitaelea.

Ila aliyenifundisha zaidi ni fundi wa Mbeya niliyempa kazi ya msingi wa nyumba. Alikataa lori zima la kokoto.

"Mwalimu, hizi bapa, zinapasuka kama kuni. Zitatuvunjikia."

Alikuwa sahihi. Ulikuwa mwamba geu: mgandamizo na joto vilikuwa vimeulaza ulanga wote upande mmoja, na jiwe hufuata mlalo huo linapopasuka. Fundi hakulijua jina lake. Alisoma punje zilivyolala, na hicho ndicho ninachotaka wanafunzi wetu waanze nacho, majina yatafuata.

Muhula uliopita nilimwambia kila mwanafunzi aje na jiwe la kwao. Madawati yalijaa vumbi. Binti mmoja alilitemea mate la kwake, akalifuta kwa kidole gumba, punje zikajitokeza moja moja, naye akainama kuzihesabu.