Manowari kubwa chini ya bomu zito: unene wa chuma hautoshi kutoa jibu

Uganda haina pwani, lakini mizigo yetu mingi hupitia Mombasa, kwa hiyo meli zikishambuliwa katika Bahari ya Shamu habari hizo hutufikia hadi madukani. Papo hapo huzuka swali: manowari kubwa ina kazi gani tena ikiwa ndege moja yenye bomu zito yaweza kuizamisha? Wanaosema zama zake zimekwisha hutaja Tirpitz ya Ujerumani, iliyopinduka Tromsø, Norway, tarehe 12 Novemba 1944. Wanaopinga hutaja Warspite ya Uingereza, iliyotobolewa hadi chini mwaka 1943 na bado ikarudi vitani. Mifano yote miwili ni ya kweli, ila inajibu maswali tofauti. Kupenya ni jambo moja, kulenga ni jingine, na mahali bomu linapolipukia ni la tatu.

Tuanze na kupenya. Tarehe 3 Aprili 1944 ndege za Uingereza zilizoruka kutoka manowari za kubeba ndege ziliipiga Tirpitz yapata mara 15. Mabaharia zaidi ya 120 walikufa na sehemu za juu ziliharibika vibaya, lakini sitaha kuu ya deraya, yaani mabamba mazito ya chuma ya kukinga meli, haikutobolewa. Marubani walikuwa wameagizwa kuachia mabomu ya kutoboa deraya wakiwa juu ya mita 1,000 hivi. Baadhi yao walishuka zaidi ili wasikose shabaha, na bomu likakosa kasi. Nguvu ya kugonga hukua kwa kadiri ya kimo: bomu lililoanguka mita 3,000 hubeba karibu mara tatu ya nguvu ya lile lililoanguka mita 1,000, ukiacha ukinzani wa hewa na kasi ya ndege yenyewe.

Kimo hicho cha mita 3,000 ndicho Wajapani walichotumia walipoishambulia bandari ya Marekani ya Pearl Harbor mwaka 1941. Bomu lililoiua manowari Arizona lilikuwa na uzito wa kilo 800 hivi, limetengenezwa kutokana na kombora la mzinga wa milimita 410, na ndani yake mlikuwa na kilo 23 tu hivi za baruti. Lilifika penye ghala ya baruti ya mbele, na baruti ya meli yenyewe ikafanya iliyobaki. Watu 1,177 walikufa. Hapa ndipo mtengenezaji wa mabomu hubanwa. Ganda nene hupenya lakini huacha nafasi ndogo ya baruti, na ganda jembamba hubeba baruti nyingi lakini hupasuka juu ya sitaha. Hata ganda likiwa sawa, kazi ya kiwandani inaweza kuharibu kila kitu: Agosti 1944 bomu moja lilitoboa deraya ya Tirpitz bila kulipuka, na Wajerumani walipolifungua walikuta baruti haijafika nusu ya kipimo chake.

Bomu la Tallboy la Waingereza lilitatua shida ya ganda kwa ukubwa wake. Lilikuwa na kilo 5,400 hivi, na kati ya hizo kilo 2,400 zilikuwa Torpex, baruti yenye nguvu kuliko TNT. Umbo lake lilikuwa jembamba, na mapezi yake yalipindwa kidogo ili lizunguke na kushuka bila kuyumba. Tarehe 15 Septemba 1944 moja lilipita kwenye omo (sehemu ya mbele) ya Tirpitz na kufungua tundu kubwa mno. Wajerumani waliamua meli hiyo haitakwenda tena bahari kuu, wakaivuta hadi Tromsø iwe ngome ya mizinga. Novemba, mawili yakaipiga moja kwa moja. Mengine yaliyoanguka kando yalichimba sakafu ya bahari na kuondoa kifusi kilichomwagwa chini ya meli ili isipinduke.

Kwa hiyo deraya ilishindwa, na sioni njia ya kulikwepa hilo. Lakini meli ilikuwa imetia nanga. Bomu linaloachiwa kutoka mita 4,500 huchukua sekunde 30 hivi kufika majini. Katika muda huo meli yenye mwendo wa fundo 30 imesogea zaidi ya mita 460, karibu mara mbili ya urefu wake, na nahodha anaweza kugeuza usukani wakati wowote. Hakuna manowari kubwa ya deraya iliyozamishwa ikiwa mwendoni na mabomu yasiyoongozwa ya ndege zilizoruka juu namna hiyo. Ostfriesland, manowari ya zamani ya Ujerumani iliyozamishwa katika majaribio ya Marekani Julai 1921, nayo ilikuwa imetia nanga, bila baharia hata mmoja wa kupiga pampu.

Ulinzi huo wa mwendo ulivunjwa na bomu la kuongozwa. Fritz X ya Wajerumani ilielekezwa kwa redio; mrushaji aliufuata kwa macho mwali uliowaka mkiani mwake. Tarehe 9 Septemba 1943 mawili yaliipiga Roma ya Italia ikiwa mwendoni. La kwanza lilipenya meli yote na kulipuka chini yake. La pili lilipiga karibu na ghala ya mbele, na meli ikavunjika. Wiki moja baadaye silaha ileile iliishukia Warspite karibu na Salerno, ikapita sitaha sita, ikalipuka katika chumba cha boila na kupasua sehemu ya chini. Meli ilivutwa hadi Malta, na Juni 1944 ilikuwa ikipiga mizinga Normandy. Savannah ya Marekani ilipigwa kwenye mnara wa mizinga na kupoteza watu 197, lakini maji yaliyoingia kwa ubavu uliopasuka yalizima moto kabla haujashika ghala. Tofauti kati ya meli hizi ilikuwa mita chache za mahali pa mlipuko.

Watu wetu hutazama moto mno na kusahau maji. MV Kabalega ilizama katika Ziwa Victoria Mei 2005 baada ya kugongana na MV Kaawa; kutobolewa tu kulitosha. Bomu linalokosa meli kwa mita chache na kulipuka majini laweza kudhuru kuliko linalopiga sitaha, kwa sababu maji hayabonyei: mshtuko huvunja vishikizo vya mashine, hukata mabomba na kupinda mhimili wa rafadha. Ndiyo sababu mwaka 2021 Marekani ililipua mara tatu tani 18 za baruti karibu na Gerald R. Ford, manowari yake ya kubeba ndege. Jaribio hilo huthibitisha uimara wa mitambo. Haliwezi kutumiwa kudai kwamba meli ingestahimili mlipuko huo chini ya mkuku, yaani uti wa chini wa meli.

Julai 2024 ndege ya kivita ya Marekani ya B-2 iliipiga meli yake kuukuu Tarawa kwa bomu la kuongozwa la aina mpya, lililobuniwa kuzamisha meli kwa gharama ndogo kuliko topido. Wengi wamelichukua jaribio hilo kama hukumu ya mwisho. Kwa upande wa bomu, naukubali ushahidi huo. Kwa upande wa ndege ni dhaifu, kwa maana bomu la kuongozwa lisilo na injini hulazimika kuachiwa ndani ya makumi machache ya kilomita, na Tarawa haikuwa na rada iliyowashwa wala kombora la kuirushia ndege iliyokaribia kiasi hicho.